Ada Iliyoliwa na Mchwa

Mdogo wangu wa mwisho alitumwa kutafuta karatasi za kufungia vitumbua. Akafungua kabati la vyombo, akakuta bunda la karatasi nyeupe, zimechapwa upande mmoja tu, safi kuliko magazeti ya zamani tunayonunua kwa kilo. Akazichukua zote. Ilipofika saa mbili asubuhi sinia lilikuwa tupu, wateja wamekwenda zao, na mitihani iliyopita ya Historia na Jiografia, ambayo Mama alikuwa ameitolea kopi kwa pesa yake mwenyewe, imesambaa Makorora nzima, mtaani kwetu Tanga, ikiwa imelowa mafuta.

Mama alikuwa sokoni Mgandini kununua mchele. Aliporudi na kulikuta kabati wazi, hakumpiga mtoto wala hakumfokea. Alimketisha kwenye mkeka, akamwambia, "Nitajie mteja mmoja mmoja. Nani kaanza?" Mtoto akataja. Wakatoka wawili kupita nyumba kwa nyumba, nami nyuma yao nimebeba kikapu.

Mama muuza mkaa alikuwa ameshaitumia yake kuwashia jiko. Kijana wa bodaboda aliitupa mtaroni, tukaiokota. Ustadhi wa madrasa alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka mfukoni, maana yeye hatupi karatasi yenye maandishi. Lakini aliyetuweka pale njiani kwa muda mrefu ni fundi baiskeli. Tulimkuta ameitandaza karatasi juu ya tandiko la baiskeli ya mteja, anafuata mistari kwa kidole cheusi cha grisi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Kizungu hiki mimi sikijui, lakini jina hili ni la kwetu. Abushiri. Mimi mtu wa Pangani."

Akaweka spana chini, akatusimulia: jinsi Abushiri bin Salim alivyowainua watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, alivyokimbilia bara mambo yalipomgeukia, alivyosalitiwa, na alivyonyongwa palepale Pangani Desemba 1889. Mama aliketi juu ya kreti la soda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kwa nini mwaka ule, mzee wangu? Kwa nini si mwaka uliotangulia?"

Fundi akafikiri. "Walitaka kututawala," akasema.

Mama akamshukuru, akaichukua karatasi yake. Usiku ule aliliandama jibu kwenye madaftari hadi akalipata: Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameikodisha kampuni ile ukanda wa pwani, na Agosti 1888 maofisa wake wakaja kushika forodha na kutweka bendera yao, bila kumjali liwali wala wenyeji. Ushuru ukahama mikono, na biashara za watu zikaguswa. Mtihani unataka sababu hizo zipangwe moja baada ya nyingine, kila moja na maelezo yake, kwa Kiingereza, huku saa inakwenda.

Wapo wanaosema kwamba mtu mzima ameshasomeshwa na dunia. Nimeyasikia sana maneno hayo, mara nyingi kutoka kwa watu wenye shahada ukutani, na siyakubali. Kisa alichokijua fundi kimepokewa kwa babu zake, nami sitaki kipotee. Ila mwenye kisa anaweza kukaa nacho miaka 60 asiulizwe hata mara moja "kwa nini mwaka ule?" Shule inauliza. Na ukishazoea kuulizwa hivyo, unaanza kuuliza bei ya unga, mkataba wa nyumba, dawa aliyoandikiwa mtoto. Nimeliona hilo kwa Mama kwa macho yangu, na ndiyo maana naandika.

Mama alitoka shule mwaka 1998. Alikuwa kidato cha pili, bado hajafanya mtihani wa taifa wa kidato hicho. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Siku zile msichana akibeba mimba alifukuzwa tu. Alirudisha vitabu, akavua sare, basi. Bibi anasema Mama hakulia siku ile. Aliifua sketi yake ya shule, akaipiga pasi, akaikunja na kumpa binti wa jirani.

Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi wanaopata ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Sisi tulilisikia tangazo kwenye taarifa ya habari. Mama alikuwa anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Mkono ukasimama ndani ya ungo, na haukuendelea hadi habari za michezo. Tangazo lile halikumhusu yeye. Alikuwa na miaka 39 na watoto wanne. Lakini juma lilelile alifunga sinia mapema, akavaa baibui lake jeusi la kutokea, akaenda kuulizia kwenye kituo kimoja cha masomo ya jioni.

Alirudi na maelezo kamili. Mtu wa umri wake hufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa kuwa hakuwahi kufanya mtihani wa kidato cha pili, aanze na ule wa maarifa, ambao watu wote wanauita QT. Akifaulu, mwaka unaofuata ndipo aingie mtihani wa kidato cha nne. Ada ya usajili wa kidato cha nne ilikuwa shilingi 50,000 kwa anayejisajili kati ya Januari na mwisho wa Februari. Aliyechelewa hadi Machi alilipa 65,000. Hapo hujagusa pesa ya kituo kila mwezi, madaftari, kopi na nauli. Kitumbua chetu kilikuwa shilingi 100. Ada peke yake ilikuwa vitumbua 500, kabla hujatoa mchele, nazi, mafuta na mkaa.

Wadogo zangu hawalipi ada. Ile ya sekondari za kutwa za serikali, shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa ilipoingia elimu bila malipo mwaka 2016, nami nashukuru kila ninapowaona wakitoka na mabegi. Sitaki mtu asome kisa hiki akadhani nasifu ada. Kenya walipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alikwenda kuandikishwa darasa la kwanza karibu na Eldoret. Mlango ulipoachwa wazi akaingia. Watu wangapi wa umri wake walikufa wakiwa nje ya mlango ule kwa sababu ya ada? Mtoto asilipishwe. Ninachosimulia mimi ni mambo ya mtu mzima ndani ya nyumba yenye watu saba, na kule hesabu zinakwenda kwa namna nyingine.

Kikao cha kuyajadili masomo ya Mama kilifanyika barazani. Mjomba, kaka yake Mama, alizungumza kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Alisema mwanamke mwenye biashara yake hana haja ya cheti. Akamtaja Shaaban Robert, fahari ya Tanga yetu, mzaliwa wa Vibambani, mwaka 1909: amesoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926 tu, na vitabu vyake ndivyo vinavyosomwa na hao wenye vyeti. "Shule ni kichwa, dada yangu. Kichwa unacho."

"Kaka," Mama akamjibu, "miaka hiyo minne aliisoma. Tena akatoka nayo akaajiriwa karani wa forodha. Mimi nimesoma miaka miwili nikakatizwa. Nadai iliyobaki."

Bibi, aliyekuwa anavuta tasbihi kimya, akasema, "Mwache mwanangu adai."

Baba, yeye aliyenilea, alitaka kumalizia kwa wema. Ni kibarua wa bandarini, kipato chake kinapanda na kushuka na meli, lakini alitamka mbele ya watu wote kwamba ada ya mkewe atailipa yeye. Tukafurahi. Kisha akaongeza sharti dogo: masomo yaishe kabla ya Magharibi, na mwezi wa Ramadhani asimame kabisa, maana futari ya nyumba ile haijawahi kupikwa na mtu mwingine.

Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwa adabu, "Nashukuru, mume wangu. Pesa yako nunulia mchele wa ndani. Ada nitalipa mwenyewe."

Niliona alichokifanya pale, ingawa ilinichukua muda kukielewa vizuri. Masomo ya kituo yanaanza saa kumi na moja jioni na yanaisha saa mbili usiku. Hizo ndizo saa za kukoka jiko, za kuogesha watoto, za kumwekea mwanamume maji ya kuoga. Mwenye kulipa ada angekuwa na haki ya kuzipanga saa hizo, na angezipanga kwa mapenzi yake yote, na shule ingekufa kabla ya mwezi wa tatu. Mama alikuwa ananunua jioni zake. Katika miaka zaidi ya ishirini ya ndoa na malezi hakuna aliyempa hata jioni moja, na hakuna aliyemnyima pia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zinaweza kuwa zake.

Akamwagiza seremala kibubu cha mbao, akakiweka chini ya kitanda, upande wa ukutani.

Mwaka 2022 nyumba yetu ilikwenda mrama kidogo. Maharage yaliungua mara nyingi kiasi kwamba paka aliacha kuyanusa. Mlango wa jiko uliandikwa kwa chaki sehemu za moyo na mishipa yake, na mwenye kuufungua kwa mkono uliolowa alisikia habari yake. Usiku mmoja wa joto unga wa vitumbua uliumuka kupita kiasi, ukainua mfuniko wa ndoo, ukatiririka hadi kwenye daftari la Bailojia lililosahauliwa mezani. Asubuhi tuliliosha karatasi moja moja na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio, katikati ya kanga na soksi za watoto. Wino ulikuwa wa kalamu nzuri, haukutoka. Hadi leo ukilifungua daftari lile linanukia iliki.

Ugali wa kwanza wa Baba ulikuwa mbichi katikati. Wa pili pia. Alikuwa hajui kwamba maji yachemke kwanza hadi yapige kelele, na alikuwa hataki kumuuliza mtu. Bibi akatoka chumbani, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akamwelekeza kwa maneno tu bila kugusa mwiko. "Songa. Kandamiza ukutani mwa sufuria. Geuza. Songa, mwanangu, usiuhurumie." Kufikia Ramadhani Baba alikuwa anapika uji wa futari unaolika, na jirani mmoja alipomcheka dirishani, alimjibu kwamba mkewe yuko darasani. Alilisema kwa sauti ya kutosha kusikika nyumba ya tatu.

Mama alifaulu QT. Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari 2023, tukapiga vigelegele, na kesho yake akainama kukivuta kibubu.

Kilikuja chepesi. Nje kilikuwa kizima, kimepakwa vanishi, na tundu lake la pesa liko palepale. Alipokitikisa sarafu zililia, lakini ndani hamkuwa na ule mchakacho wa noti. Upande wa chini, uliogusa sakafu penye ufa, ubao ulikuwa umebaki ngozi tu. Kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini, wamekula mbao, wamekula noti, wamejenga kichuguu chao cha udongo ndani ya ada. Wekundu wa Msimbazi, zile noti za elfu kumi, walikuwa wamebaki vipande: hapa kichwa cha tembo, pale tarakimu bila noti yake. Sarafu ndizo zilizosalia, zimegandamana na udongo.

Mama aliketi sakafuni, akamwaga vyote kwenye sinia la vitumbua, akaanza kutenga. Vipande vikubwa huku, vidogo kule, udongo pembeni. Mdogo wangu alitaka kuwaua mchwa kwa mafuta ya taa. Akamwambia asubiri, asije akalowesha noti. Mikono yake haikutetemeka. Yangu ilitetemeka.

Baba alitoka chumbani na pochi mkononi. Alikuwa na pesa siku ile, meli ilikuwa imeingia juzi. Akasimama pale, akalitazama sinia, akaitazama pochi, kisha akairudisha mfukoni na kuchuchumaa pembeni mwa Mama kumsaidia kutenga. Hakusema kitu. Katika yote aliyoyafanya Baba kwa ajili ya masomo yale, hilo naliweka juu ya ugali na uji.

Walikwenda benki pamoja. Karani alizipanga noti zilizoliwa juu ya kaunta, akapokea zile zilizobaki zaidi ya nusu, nyingine akazirudisha. Ilipatikana chini ya nusu ya ada. Februari ilikuwa imeshaanza kuliwa nayo.

Basi likatolewa daftari la madeni. Kila muuza vitumbua analo, na kila mtaa una watu wanaoamini halisomwi. Mama alilisoma. Alipita kwa wadaiwa wake jioni, saa za watu kuwa majumbani, akabisha hodi, akasalimia, akauliza hali za wagonjwa, akataja kiasi. Mtu akisema subiri mwisho wa mwezi, alimjibu kwamba mwezi ukiisha ada ya usajili inapanda. Akaeleza usajili gani. Nadhani hapo ndipo mtaa mzima ulipojua kuwa Mama Vitumbua anasoma. Wengine walilipa kwa aibu, wengine kwa furaha. Mama muuza mkaa hakuwa na pesa, akaleta gunia la mkaa, na mkaa huo ukakaanga vitumbua vya ziada vya jioni. Bibi akauza jogoo. Mama alikubali pesa ya jogoo kwa sharti kwamba iandikwe daftarini kama deni, na Bibi, aliyemzaa, akakubali kuandikwa.

Kumbukumbu namba ya malipo ilipotumwa kwenye simu, ada ililipwa Februari hiyohiyo, bila ile 15,000 ya kuchelewa. Kibubu kipya hakikununuliwa. Pesa zilianza kukaa kwenye simu.

Baada ya hapo ndipo mitihani iliyopita ilipofungiwa vitumbua. Zile karatasi zilizopatikana tulizifuta mafuta kwa unga mkavu, na fundi baiskeli akawa anasimamisha watu wanaopita kuwauliza kama wanajua kwa nini ilikuwa mwaka 1888.

Mtihani wenyewe sina mengi ya kusimulia. Ilikuwa Novemba 2023, mvua za vuli zilikuwa nyingi mno mwaka ule, na Mama alikwenda kila siku na viatu vyake mkononi hadi mlangoni mwa chumba cha mtihani. Vijana aliofanya nao, wengi wao wanarudia, walimwita Mama. Siku ya Hisabati alirudi akalala bila kula.

Januari 2024 mtandao ulikuwa mzito kwa wingi wa watu. Nilipoyapata matokeo, niliyasoma kwa sauti mbele ya wote. Kiswahili B. Uraia C, Historia C. Jiografia, Bailojia na Kiingereza D. Hisabati F. Pointi 25, daraja la tatu. Pointi moja zaidi angekuwa daraja la nne. Bibi hakuelewa pointi ni nini, aliuliza neno moja tu, "Kamaliza?" Nikamwambia, "Kamaliza, Bibi." Akaomba maji ya kutawadha.

Mama anataka kusomea malezi ya watoto wadogo. Mwenye kituo cha watoto anakosaidia asubuhi, baada ya vitumbua, alishamwambia kwamba kozi ile sharti lake ni cheti cha kidato cha nne. Sasa anacho. Mjomba alikuja kupongeza na kilo mbili za nyama, akasema sasa dada yake apumzike.

"Hisabati," Mama akasema.

"Hisabati ya nini tena? Si umeshapata?"

"Nimepata F. Nairudia Novemba."

Nikatoa simu yangu. Nimeajiriwa sasa, kwenye duka la dawa, na nilikuwa nimengoja siku ya kumlipia mtu ambaye alitolewa shule kwa ajili yangu. Nilimwambia hivyohivyo, mbele ya Mjomba na wadogo zangu, na sauti ilinikatika.

Alinishika bega. "Mwanangu, wewe hukunitoa shule. Walionitoa ni watu wazima, na walikuwa na madaraka. Hilo lisikae moyoni mwako hata siku moja." Akanishikilia hivyo mpaka nikatulia. "Na simu yako iweke. Usajili usio na faini unafungwa mwisho wa Februari, siku bado zipo."

"Mama, ni elfu hamsini tu."

"Najua ni ngapi. Nimeshawahi kuilipa."

Akalivuta daftari la madeni, akalifungua kwenye ukurasa wa mwezi ule, na kuanza kusoma majina kwa sauti. La kwanza lilikuwa la Mjomba.